Sauti Iliyokwenda Kazini

Siku ya tatu tangu kituo chake cha redio kifungwe, saa saba kasoro dakika kumi mchana, mtangazaji aliyejulikana mji mzima kwa jina la Bi Saa Saba alikuwa jikoni kwake akimenya viazi. Alitaka kumwambia mdogo wake, aliyekuja kula chakula cha mchana, apunguze moto. Alisema, "Hebu punguza," na hapo maneno yakakatika. Koo likawa jepesi, kama kichwa cha mtu aliyetua mzigo. Pazia la mlango likapepea pasipo upepo, sauti yake ikatoka nje na kushika njia.

Mdogo wake alitazama saa ya ukutani, akapunguza moto. Akasema imetoka mapema kidogo kuliko dada yake alivyozoea, labda kwa sababu ya matope barabarani.

Sauti ilikuwa inakwenda kazini. Kwa miaka ishirini na sita Bi Saa Saba alikuwa amesoma taarifa ya habari ya saa saba mchana bila kuchelewa hata mara moja, iwe mvua, iwe homa. Hata siku ya kumzika mumewe alisoma kwanza, ndipo akaenda makaburini. Kituo kilikuwa mtaa wa pili, naye alizoea kwenda kwa miguu. Sauti nayo ilikwenda kwa mwendo wake uleule. Fundi viatu wa pale kwenye kona aliisikia ikipita, akaiamkia, ikamwitikia marahaba na kumuuliza habari za mgongo. Askari aliyewekwa kulinda mlango wa kituo alieleza baadaye kwamba ilimsalimu kwa adabu, ikapita, na lakiri, ile nta ya muhuri iliyoziba mlango, haikuguswa.

Lakiri hiyo aliibandika huyo huyo mdogo wake. Alikuwa karani katika ofisi ya leseni za utangazaji, na amri ilipotoka jina lake ndilo lililoandikwa chini. Jioni ya siku ile alikuja kwa dada yake akasimama uani, hakuthubutu kuingia. Bi Saa Saba, aliyemlea tangu mama yao alipofariki na kumfundisha kusoma kwa magazeti ya kufungia sabuni, alimuuliza swali moja tu.

"Umeibandika sawasawa?"

"Sawasawa, dada."

"Afadhali. Wasije wakasema nilikulea ovyo. Ingia ule."

Kosa la kituo lilikuwa hesabu. Tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba katika jimbo moja mshindi amepata kura elfu arobaini na moja. Bi Saa Saba akasoma taarifa ya Tume kama ilivyo, neno kwa neno, kisha akasoma kwamba wapigakura walioandikishwa jimboni humo ni elfu ishirini na tisa, wakiwemo waliokwisha kufa. Hakuongeza neno. Siku iliyofuata alianza kusoma matokeo kama yalivyobandikwa kwenye milango ya vituo vya kupigia kura, kimoja baada ya kingine. Vilikuwa vituo mia tatu na kumi na viwili. Alifika cha tisa, leseni ikafutwa kwa kosa la kuvuruga utulivu.

Sasa sauti iliendelea na cha kumi. Mitambo ilikuwa imezimwa na nyaya kukatwa, lakini kila redio iliyokuwa imezoea kituo kile iliipokea, hata ile ya fundi viatu ambayo haikuwa na betri tangu mwaka juzi. Ilitaja kituo baada ya kituo, ikataja kura za kila mgombea, ikataja zilizoharibika, ikamalizia na hali ya hewa. Saa saba na nusu ilirudi nyumbani, na Bi Saa Saba akamalizia sentensi aliyoiacha, ingawa moto ulikuwa umeshapungua zamani.

Ofisi ya leseni ilifanya vikao viwili. Mwishowe mkurugenzi mwenyewe alimwita Bi Saa Saba, akamkaribisha kiti na chai. Alimwambia kwamba serikali haina ugomvi na mtu. Kinachotakiwa ni aje redio ya taifa, asome yale matokeo rasmi kwa sauti ile ile ambayo watu wameizoea, mambo yaishe. Bi Saa Saba aliuliza ni saa ngapi. Mkurugenzi akasema saa saba mchana, wakati wake wa siku zote.

"Saa saba nina kazi," alisema Bi Saa Saba. "Lakini nitakuja."

Alikwenda, amevaa gauni lake la buluu na viatu vilivyopigwa kiwi. Aliketi mbele ya kipaza sauti dakika tano kabla ya wakati, akapanga karatasi. Taa nyekundu ilipowaka alifungua mdomo, akasoma ukurasa wote wa kwanza kwa midomo yake, nukta na koma zikiwa mahali pake, na studio ikabaki kimya. Mtaa mzima wakati huo ulikuwa unasikiliza kituo cha themanini na mbili. Fundi mitambo wa redio ya taifa, mtu makini katika kazi yake, aliandika kwenye daftari la zamu: *Msomaji yupo. Sauti haipo, iko kazini kwingine.* Akatia sahihi.

Bi Saa Saba aliwekwa mahabusu siku kumi na moja. Walipompokea waliorodhesha vitu vyake: miwani, pete, kitambaa cha kichwa. Sauti haikuorodheshwa, kwa hiyo ilipotoka kila mchana hapakuwa na aliyeweza kuandika kwamba kimepungua kitu. Wanawake waliokuwa naye ndani walijifunza kumtengea chakula saa hiyo, kwa kuwa ndiyo saa pekee asiyokuwa na la kusema. Mmoja alimwambia kwamba amepigia kura kituo cha mia na sita, na hajawahi kuona kura yake ikitajwa mahali. Kesho yake ilitajwa. Yule mwanamke aliacha kijiko, akakaa wima kama anayepigwa picha.

Walipomwachia, mshindi alikuwa amekwisha kuapishwa. Wiki hiyo hiyo mdogo wake alipewa amri nyingine: aende na askari wawili na nta, afunge kwa lakiri nyumba ya dada yake kabla ya saa saba, sauti isitoke.

Alikuja. Alifunga dirisha la jikoni, akafunga la chumbani, kwa mikono iliyozoea. Bi Saa Saba alikuwa ndani akimtazama. Alipofika mlangoni ilikuwa imebaki nafasi ndogo tu, na nta ilikuwa bado moto. Pazia likapepea. Karani akateremsha mkono, akasogea kando, akainamisha kichwa kidogo hadi sauti ilipopita.

Askari mmoja alimuuliza kwa nini amesogea.

"Ni dada yangu," alisema. "Nilifundishwa kumpisha mkubwa."

Alifukuzwa kazi siku ya pili. Kituo kimefungwa hadi leo. Yule wa kura elfu arobaini na moja anaketi bungeni, na kwenye vitabu vya serikali jimbo lile bado lina wapigakura wengi kuliko watu. Sauti ilifika kituo cha mia tatu na kumi na mbili siku ya Alhamisi, ikataja hali ya hewa, na Ijumaa ikaanza tena cha kwanza. Ofisi ya leseni haitaji tena habari zake kwenye vikao. Mafundi wa saa mjini hurekebisha saa zao kwayo.

Mchana mmoja mdogo wake alikuwa ameketi naye barazani, redio za mtaa mzima zikisema kwa pamoja. Akamuuliza kama hafikirii kwamba siku moja sauti itachoka, maana hakuna kilichobadilika.

Sauti ya Bi Saa Saba ilikuwa kazini. Alimwekea kidole mdomoni, kama zamani alipomfundisha kusoma, na kumwonyesha kwa macho kwamba asikilize, maana sasa kinatajwa kituo alichopigia kura huyo mdogo wake.