Mtani Aliyefungwa Mdomo

Saa tatu asubuhi, Jumatatu, mkanda wa kupimia ubongo ulikataa kukaa kwenye kichwa cha Careen. Bryson, mtaalamu aliyeuleta kutoka Dar es Salaam, aliusukuma chini, ukapanda. Akaukaza. Ukafyatuka na kutumbukia kwenye kikombe cha chai cha Mzee Mbaruku.

"Ni hizi rasta," Bryson alisema, akiufuta kwa tai. "Mkanda unataka kugusa ngozi."

"Ujumbe ulisema nije na vyeti," Careen alisema. "Kipara hakikutajwa."

Mzee Mbaruku, mwenye kikombe na mwenye kinu chote cha kukoboa mpunga, alikisogeza kikombe pembeni. Alikuwa amehudhuria semina Morogoro, akarudi Ifakara akiamini kwamba makosa yake yote ya kuajiri, akiwemo shemeji yake, yasingetokea kama angeweza kuona ndani ya vichwa vya watu. Kichwa cha Careen kilikuwa cha pili kwenye ratiba ya siku hiyo. Careen alikuwa amekaimu usimamizi wa kinu tangu msimamizi wa zamani alipohamia Mlimba. Leo ama angethibitishwa, ama angemkabidhi funguo Viktor, karani wa mizani mwenye shahada, na yeye kurudi kupima unyevu wa mpunga wa watu. Aliitaka ile kazi, wala hakuwa na sababu ya kujifanya haitaki.

Viktor alikuwa ameshapimwa. Kipimo chenyewe kilikuwa hivi: mwombaji anakaa kimya, mtu mmoja wa kinuni anamsema maneno makali, mkanda unasoma ubongo, na kishikwambi kinaonyesha rangi. Kijani ni utulivu. Nyekundu ni hasira au hofu. Ubongo wa kiongozi bora, Bryson alieleza, haubadiliki rangi hata akitukanwa.

Kazi ya kutukana alipewa Fundi Haruni, kwa sababu sauti yake husikika hata mashine zikinguruma. Ulikuwa uteuzi mbaya. Haruni ni Mzaramo mtu mzima, mcha Mungu, na Viktor hakuwa amemkosea chochote.

"Viktor, mwanangu," alikuwa ameanza kwa sauti ya chini, "kuna siku unachelewa kidogo." Akamgeukia Bryson.

"Ongeza, mzee."

"Unachelewa, na... viatu vyako si vizuri sana. Unisamehe, baba."

Jasho lilimtoka Haruni. Viktor alibaki kijani kitupu, na kishikwambi kikaandika kwamba huyo ni kiongozi wa hali ya juu.

Sasa ilikuwa zamu ya Careen. Mkanda ulifungwa kwa kamba ya gunia, na uso wa Haruni ukachangamka ghafla.

Careen ni Msukuma. Alizaliwa Mchombe, wazazi wake waliposhuka bondeni na ng'ombe wao. Wasukuma na Wazaramo ni watani, na tangu aajiriwe hapo hakuna asubuhi aliyopishana na Haruni bila kutukanana. Utani huo una kanuni moja: ukitukanwa, jibu. Anayenyamaza ameshindwa, na kinu kizima kitamcheka mpaka jioni.

Kanuni ya Bryson ilikuwa: usijibu.

"Nani kamfungulia huyu mlango wa mbele?" Haruni alinguruma. "Ng'ombe wanapita nyuma, kule kwenye pumba!"

Careen alifunga mdomo. Jibu lilishafika kwenye meno.

"Eti awe msimamizi! Mpe gunia la mchele, atakuuliza michembe yake ya viazi vikavu iko wapi. Baba yake aliposhuka hapa alikutana na trekta la kwanza, akalipigia shikamoo. Alidhani ni dume!"

Nje ya dirisha wapepetaji walikuwa wameshajazana, nyungo mikononi. "Careen, vipi?" mmoja aliita. "Umekufa?"

Careen alikuwa na majibu matatu, mawili kuhusu ngoma na moja kuhusu usingizi, yote yakigombania kutoka. Mashavu yalimvimba. Kishikwambi kikawa chekundu, kikazidi kuwa chekundu, kikaanza kupiga kengele ambayo Bryson mwenyewe hakujua jinsi ya kuizima.

"Hasira iliyopitiliza," alisoma. "Hafai kuongoza watu."

"Haikuwa hasira," Careen alisema.

"Ilikuwa nini?"

"Majibu."

"Mtaalamu," Mzee Mbaruku alisema taratibu, "hawa wawili ni watani."

"Ubongo haujui utani, mzee. Ubongo ni sayansi."

"Basi tufanye sayansi," Careen alisema. "Rudia. Kichwa kile kile, mtukanaji yule yule. Badilisha kitu kimoja tu: niruhusu nijibu."

Mzee Mbaruku alitikisa kichwa kukubali. Haruni hakusubiri kuambiwa.

"Mchunga ng'ombe! Bado upo?"

"Shikamoo, babu wa ngoma! Na wewe una mdomo wa kunisema? Mzaramo akisikia ngoma inalia kijiji cha pili, anaacha maiti kitandani. Dar es Salaam nzima ilikuwa yenu, mkaiuza kiwanja kimoja kimoja ili mkodi wapiga ngoma. Leo ukienda kwenu unauliza njia kama mgeni!"

Wapepetaji walipiga vigelegele. Haruni alishika tumbo kwa kicheko, akakaa sakafuni. Kishikwambi kilikuwa kijani kama jaruba la mpunga la mwezi wa pili.

Bryson alikohoa. "Kwa utaratibu, matokeo ya kwanza ndiyo halali."

"Hebu uvae wewe," Mzee Mbaruku alisema.

"Mimi, mzee?"

"Una kichwa, huna?"

Bryson akauvaa. Ulimkaa vizuri sana. Mzee Mbaruku alimuuliza kwa upole, kama anayemkaribisha chakula: "Kabla ya kwangu, umepima kinu gani?"

"Vingi tu, mzee."

Nyekundu.

"Viko wapi?"

Kengele ikalia.

"Mwongo!" Haruni aliruka kutoka sakafuni. "Kifaa chake mwenyewe kimemchoma!"

Mzee Mbaruku alishaelekeza kidole mlangoni. Careen aliona wazi kwamba ameshinda. Alitakiwa kunyamaza tu, na kunyamaza alishathibitisha kwamba anaweza, japo kwa gharama.

"Hapana, mzee," alisema.

"Hapana nini?"

"Amekalishwa mbele ya watu, anahojiwa na tajiri aliyemlipa. Hata angesema kweli tupu angekuwa mwekundu. Kama mkanda umesema kweli juu yake, basi umesema kweli juu yangu pia, na kazi ni ya Viktor. Huwezi kuuamini nusu."

"We mtoto, umerogwa?" Haruni alinong'ona, kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani. "Nyamaza!"

Mzee Mbaruku alimgeukia Viktor, aliyekuwa bado amekaa pembeni. "Na wewe, uliwezaje kutulia vile?"

Viktor alifikiri. Alikuwa kijana mkweli. "Kusema ukweli, mzee, sikumsikia. Nilidhani Fundi anasali."

Bryson alivua mkanda mwenyewe.

"Kwa hiyo mimi nimebaki na nini?" Mzee Mbaruku aliuliza.

"Una mchele ghalani," Careen alisema. "Wa kabla sijakaimu upo, na wangu upo. Kahesabu chenga, uone upi umevunjika zaidi."

Mzee Mbaruku alitoka. Kupitia dirishani walimwona akichomeka mkono ndani ya gunia, akatazama kiganja, akaenda gunia jingine, akatazama tena, na la tatu. Bryson alifunga begi lake. Alisema ana miadi na kinu kimoja Mlimba na hataki kukosa treni. Kauli hiyo hakuna aliyeipima.

Saa saba mchana Mzee Mbaruku alisaini barua ya kumthibitisha Careen kuwa msimamizi wa kinu. Careen aliisoma kuanzia juu mpaka kwenye muhuri.

"Mzee, mshahara huu ni ule ule wa kukaimu."

Mzee Mbaruku alivaa kofia yake, akatoka kwenda kuswali adhuhuri.