Mtunza Taa wa Lubindi

Restituta alikuwa akifuta kioo cha taa wakati fundi Josephat alipomaliza kupanda ngazi za mnara, spana mkononi, barua ya ofisi mfukoni. Barua iliagiza kwamba taa ya kisiwa cha Lubindi, isiyowaka tangu mwaka 1985, ing'olewe na kupelekwa mjini.

Restituta hakubisha. Alimwomba tu amsikilize kwanza. Akamweleza jinsi babu yake na wenzake walivyovusha mawe ya mnara kwa mitumbwi kutoka Karema, ng'ambo ya ziwa, kwa miezi saba, na jinsi wawili kati yao walivyozama. Baba yake, mzee Bartolomeo, aliiwasha taa ile miaka thelathini na moja bila kukosa jioni hata moja. Restituta mwenyewe aliruhusiwa kufuta vioo tu. Baba alisema kuwasha ni kazi ya wanaume, naye akaamini hivyo. Mzee alipofariki, giza likarudi ziwani.

Alikuwa bado anasimulia upepo ulipobadilika. Novemba hiyo ya 1996 watu walikuwa wakivuka ziwa kutoka Zaire, wakikimbia vita. Jioni ilikuwa inaingia na mvua imelifanya ziwa jeusi kama lami, ndipo walipoiona boti ikija moja kwa moja kwenye miamba.

"Mimi taa najua kuifungua tu," Josephat alisema. "Kuiwasha sijui. Wewe je, mama?"

"Nimeiangalia ikiwashwa tangu utotoni."

"Basi washa."

Alijaza mafuta kutoka debe alilokuwa akilitunza mnarani, akauvuta utambi, kisha mkono ukagoma. Ilikuwa kana kwamba baba yake amesimama nyuma yake. Njiti ya kwanza ikamponyoka. Ya pili akaishika kwa nguvu, na mwanga ukafunguka juu ya maji. Boti ikasita, ikageuza pua, ikapita kando ya mwamba kwa urefu wa kasia moja.

Watu arobaini na watatu walishuka mchangani, wengine wakilia, wengine wakiimba. Nahodha wao, Damiano, alipoona sare ya Josephat, aliyekuwa ameteremka na Restituta kuwapokea, alimwendea, akamshika mikono yote miwili, akimshukuru mtunza taa. Josephat akasogea pembeni.

"Mtunza taa ni mimi," Restituta alisema.

Damiano akavua kofia iliyolowa, akamwinamia. Kisha akamwambia kwamba nyuma yao kulikuwa na boti nyingine mbili. Restituta alikuwa ameshaanza kupanda ngazi kurudi kwenye taa.