Mama Mwenye Nyumba

Kwa miaka tisa Coleta alipanga chumba kimoja Majengo, mjini Sumbawanga, katika nyumba ya Mzee Alfonsi yenye vyumba sita na ua mmoja wa kupikia. Alikuwa mjane, muuza dagaa sokoni, na kila wiki alishuka Kirando, ziwani, kufuata mzigo. Binti yake Sharon alipomaliza chuo na kupata kazi, Coleta aligundua kwamba akiba yake sasa ilitosha kununua nyumba. Tangu siku hiyo alitembea kama msichana.

Mdogo wake, Jenifer, ndiye aliyeipata nyumba ya kwanza. Alimpeleka mtaa wa Kizwite kuona nyumba mpya: vyumba viwili, sebule, marumaru sakafuni, geti jeusi. Coleta alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akafungua bomba, akafunga, akafungua tena.

"Dada, hapa hugombei choo na mtu," Jenifer alisema.

"Nitaoga hata mara tatu kwa siku."

"Kwa baridi hii?"

Wakacheka mpaka dalali akacheka nao. Coleta akaahidi kutoa jibu Jumamosi.

Jioni hiyohiyo Mzee Alfonsi alimwita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama Sharon. Nyumba hii naiuza. Wanangu wananitaka kijijini Mwazye, na mimi nimechoka kukimbizana na wapangaji. Dalali sijamwambia bado. Nimeanza na wewe."

Bei yake haikupishana sana na ile ya Kizwite. Coleta alishika ukuta kwanza, ndipo akashukuru.

Jenifer aliposikia, alikuja juu. "Hiyo ni nyumba ya kupangisha, dada, si ya kuishi. Ukiitaka, inunue, ukakae kwingine. Mama mwenye nyumba gani anapanga foleni ya choo na wapangaji wake?"

Ijumaa Coleta aliomba ufunguo kwa dalali, akaenda Kizwite peke yake, akaketi sebuleni sakafuni. Nyumba ilikuwa nzuri kwelikweli. Akaanza kuwaza pa kuweka kabati, akasema kwa sauti, "Debora, hapa au pale?" Debora alikuwa jirani yake wa chumba cha pili, na hakuwepo. Sauti ikazunguka sebule tupu ikamrudia. Coleta akaguna, akacheka, kisha akainuka haraka kama mtu aliyekumbuka chungu jikoni. Alirudisha ufunguo, akadandia bodaboda, njia nzima akimhimiza dereva.

"Nainunua," alimwambia Mzee Alfonsi, hata salamu akasahau.

Vyumba viwili vya mbele vilikuwa vimebaki wazi baada ya mwalimu aliyekaa humo kuhamishiwa Msanzi. Coleta aliamua kuvichukua yeye, atoboe mlango katikati na kujenga choo cha ndani. Hicho choo ndicho kilichomtuliza Jenifer. Kwenye ofisi ya serikali ya mtaa alitaka kutia sahihi ya mauziano kabla karatasi hazijasomwa. Mwenyekiti akamwambia apumue kwanza.

Aliporudi, kina mama waliokuwa wakipika uani walinyamaza. Kwa miaka tisa hawakuwahi kumnyamazia.

"Mama Sharon," Debora alianza, macho kwenye sufuria, "kodi itapanda?"

"Mwaka huu haipandi. Mwakani tutakaa hapahapa tuzungumze."

Wakatazamana. Debora akafunika sufuria, akajipangusa mikono.

"Basi, mama mwenye nyumba, paa la chumbani kwangu linavuja."

Coleta aligeuka nyuma kumtafuta Mzee Alfonsi. Ua mzima ukaangua kicheko, na yeye akacheka kuliko wote, machozi yakimtoka. Alimpigia fundi simu palepale. Na fundi alipopanda ngazi, Coleta akajifunga khanga kiunoni, akapanda nyuma yake kwenda kuliona paa lake.