Mihuri Thelathini na Mmoja

...na kwa nini karani anaihesabu tena, hii mara ya pili, kwa ncha ya kalamu, bila kugusa karatasi, kama mtu anayehesabu vifaranga vya jirani, mihuri ni thelathini na mmoja, ameshaambiwa ni thelathini na mmoja, na imeandikwa pale juu kwa mkono wa Tak Bun-im mwenyewe, Mwenyekiti, Chama cha Wafiwa wa Duregol, washiriki thelathini na mmoja, Jumamosi, saa nne asubuhi mpaka saa sita, mbele ya mnara wa ukumbusho, shughuli: kuweka maua... maua, basi, hakuandika zaidi ya hapo, na hapo alipokaa, kwenye kiti cha plastiki mbele ya meza ya karani, mkoba mapajani, magoti yakimuuma kwa zile ngazi, Bun-im hamwangalii kijana huyu usoni, anamwangalia mkono, kwa sababu katika miaka yake sabini na moja hajapata kudhuriwa na uso wa mtu wa serikali, nyuso zao ni njema sikuzote, kazi hufanywa na mkono. "Kunywa kahawa bibi, inapoa," anasema karani, jina lake Ham, kavaa ndara za ofisini na soksi zenye picha ya dubu, na kahawa ni ile ya pakiti, kaikoroga mwenyewe kwa hilo hilo ganda la pakiti, tamu mpaka inanukia tamu, na Bun-im anaipenda sana kahawa ya namna hiyo na hataigusa. Mtu akikupa kahawa kabla hajakujibu, jibu lenyewe huwa chungu. Au hana neno, huenda hana neno, kijana wa watu, mama yake kamwambia wazee wakirimiwe... lakini basi mbona anahesabu tena?

Kanuni ni kumi na moja, zimeandikwa kwenye ubao pale kwenye geti la mnara, na Bun-im anazijua kama wengine wanavyojua sala. Serikali ilijenga mnara miaka sita iliyopita, juu ya mteremko ule ule walikouawa watu ishirini na sita wa Duregol wakati wa vita, akaja mkubwa mmoja na suti nyeusi, akainama, akalia kwa leso, wafiwa nao wakalia, hata Yang-rye ambaye halii kwa kitunguu akalia, na wiki iliyofuata ukaja ubao. Mnara huu ni mali ya serikali. Kifungu cha nne, hakuna kula wala kunywa. Kifungu cha tano, hakuna moto wa aina yoyote, vijiti vya udi vikiwemo. Kifungu cha sita, hakuna vipaza sauti. Yang-rye aliusoma akashika kiuno. "Sasa marehemu watakula nini, kanuni? Kanuni kumi na moja watu ishirini na sita, hata hazigawanyiki!" Wakacheka wote, wakacheka mpaka wakakohoa, na tangu mwaka ule wali na samaki mkavu na chupa ya pombe ya mchele hupanda ule mteremko ndani ya mfuko wa maua, chini, karanga kwenye soksi, na mlinzi hugeukia upande wa pili kuangalia mawingu. Ila mwaka huu kuna mlinzi mpya. Na mwaka huu ndio wanakikazia kifungu cha saba, kwamba mkusanyiko wa watu zaidi ya ishirini uombewe ruhusa siku tatu kabla, pamoja na orodha ya kila mshiriki, jina, anwani, na muhuri wake badala ya sahihi. Orodha. Na leo Jumatano, ndiyo siku ya tatu, karatasi isipogongwa leo Jumamosi hakuna kitu, na Mzee Pyo ana saratani ya ini, hana mwaka mwingine wa kumwekea chakula kaka yake aliye kati ya wale ishirini na sita, alisema hivyo hivyo, bila kujionea huruma, Jumamosi hii nimwekee kaka bakuli lake au basi.

"Hawa wote wanakaa Duregol, bibi?" Wanakaa, ndiyo, wengine wamehamia Daegu kwa watoto wao, anwani zipo hapo... na umeuliza ya nini, macho huna, anwani si umeziona, au unataka kusikia nitakavyozitaja, nani yuko peke yake, nani ana mwana, nani mlango wake haufungi. Usianze, Bun-im. Huyu ni mtoto. Baba yake mwenyewe alikuwa hajazaliwa majira yale. Lakini hata yule aliyekuja na karatasi ya majina majira yale alikuwa mtoto, si mama alisema, alikuwa kijana mzuri tu, ana chunusi, alikunywa maji akashukuru. Simu inalia. Ham anaishika kwa bega. "Ndiyo... yapo. Yote, ndiyo, na mihuri... thelathini na mmoja. Nitayatuma leo leo." Leo leo. Yanakwenda wapi leo leo, kuna nani huko anayengoja majina ya vikongwe kwa haraka namna hiyo, na Bun-im anataka kunyoosha mkono aichukue karatasi yake aondoke nayo, lakini mkono umekaa juu ya mkoba kwa adabu. "Unayatuma wapi, mwanangu?" Kasema polepole, sauti ya kuuliza bei ya kabichi. "Aa, ni ya bima hayo, bibi. Mtu akiteleza kwenye zile ngazi za mnarani, lazima jina lake liwepo, si unaona, ndipo alipwe." Bima. Wakati ule, kabla ya vita, waliita ulinzi. Jiandikishe ulindwe, jiandikishe upate mbolea na shayiri, hakuna mkutano wa kwenda, hakuna kazi ya kufanya, ni jina tu. Na mama, baada ya yote, mama aliyekuwa hajui kusoma, alimpeleka shule kwa sharti moja, andika chochote mwanangu ila jina lako usiliandike popote, na madaftari yake Bun-im yalikuwa hayana jina miaka yote sita, mwalimu alimchapa, akachapwa na hakuandika. Na ndiyo sababu walimchagua kuwa mwenyekiti, usisahau hilo, Bun-im hana jina kwenye karatasi ya mtu, walisema, kwa Bun-im tutapona.

Wakampa mihuri, wa Daegu wakaituma kwa basi. Jana mchana alizunguka nyumba kwa nyumba na mfuko wa kitambaa, maana nani kati yao ataweza ngazi hizi, na kila mmoja akafungua droo akatoa kimuhuri chake, cha mti, cha pembe, cha plastiki kilichochongwa jina na fundi wa sokoni, wakakitia mfukoni bila kuuliza, Mzee Pyo tu ndiye aliyeuliza, "Ni ya nini safari hii?" naye akamjibu, "Ya Jumamosi tu, kaka, ni ruhusa, nipe nikagonge," hakusema orodha, kwa nini hakusema orodha... hakusema kwa sababu wangekataa, ndiyo, wangekataa wote, wangeingia ndani wafunge milango, na Mzee Pyo asingekwenda, na bakuli la kaka yake lisingewekwa, basi akanyamaza kwa ajili yao. Akarudi jikoni, akafungua kibati cha wino mwekundu, akagonga mmoja baada ya mmoja huku supu ya maharage ikichemka, na haya hakutaka kuyakumbuka hapa, lakini alifurahi. Alikuwa na raha. Alivipanga mezani kwa safu, akavifuta kwa karatasi laini kila kimoja, akaona fahari, kijiji kizima mkononi mwangu na hakuna aliyeuliza ila mmoja.

Gu naye alikuwa na mfuko. Gu, mkuu wa kijiji, baba yake Chae-ok, mfuko wake ulining'inia kwenye msumari juu ya mlango, mihuri ya Duregol yote imo, watu wako mashambani, hawajui kusoma, karatasi ikija Gu anagonga, mbolea ikija Gu anagonga, na masika yale akaketi barazani kwake akawagongea watu ishirini na sita kwenye orodha ya ulinzi, na vita vilipoanza serikali ikawaita waliomo wasaliti, lori la askari likaja na orodha ile ile, wakasoma jina kwa jina uani, baba aliitika "Nipo!" mdomo umejaa shayiri, akafuta mdomo, akatoka asirudi, na Bun-im wa miaka sita alilivuta bakuli lake akamalizia kilichobaki kwa sababu alikuwa na njaa. Hilo hajamwambia mtu. Na jina la Gu halikuwemo. Ndiyo hoja yenyewe, hapo hapo, hakuna aliyehitaji ushahidi mwingine, kawaandika wenzake wote akajiacha yeye, alijua, alijua linalokuja, akaishi miaka kumi na moja zaidi na hakuna aliyemwazima hata kibiriti, mkewe akichota maji kisimani wanawake wanaondoka, na Chae-ok bintiye, naye sasa ana miaka sabini, kila mwaka anapanda mteremko anasimama nje ya geti na tikiti moja la manjano ndani ya kitambaa, haombi kuingia, anasimama tu, na mwaka juzi Bun-im alishuka, akalipokea lile tikiti kwa mikono miwili kama inavyopasa, akaliachia, likaviringika mpaka mferejini, Yang-rye akasema, "Umezidi sasa, dada," naye akajibu baba yake ndiye aliyezidi. Alilala vizuri siku ile. Muhuri wa thelathini, wa thelathini na moja, Ham anafika mwisho wa karatasi, anasimama, anarudi juu, kalamu inashuka tena upande wa majina... kapata kitu. Kapata kitu huyu. Ni Pyo, atasema Pyo aliwahi kufungwa, au Yang-rye, mwanawe wa pili yuko kwenye chama cha wafanyakazi, ndilo walilokuwa wanalitafuta, yote haya, ubao, bima, kahawa...

"Bibi, samahani," anasema Ham, na anatabasamu, "mbona jina lako mwenyewe halimo?"

Halimo wapi. "Kwenye orodha. Upo hapa juu, mwombaji, sawa, lakini kwenye washiriki hupo. Nimehesabu mara tatu, nikadhani macho yangu." Kaigeuza karatasi imtazame, na Bun-im anavaa miwani, anapita kwa kidole, Pyo, Yang-rye, yule mwenye meno ya dhahabu, mjane wa bonde la juu, miduara myekundu thelathini na mmoja, mizuri, imekaa sawasawa, hakuna hata mmoja uliopinda, na wake haumo. Hapana, haiwezekani, aligonga yote... aligonga yote ya mfukoni. Wake haukuwa mfukoni. Wake uko hapa, kwenye mkoba, ndani ya kikoba cha miwani unapokaa siku zote, na yeye ndiye aliyekuwa akihesabu, na anayehesabu hajihesabu, alisahau, wallahi alisahau, supu ilikuwa inachemka... na nani atamwamini? Likitokea la kutokea, Yang-rye atamwamini? Watasema kamwandika Pyo mgonjwa akajiacha yeye. Watasema alijua. Bintiye Bun-im kule Busan atasimama nje ya geti na tikiti. Na Gu alisema nini, hebu, alisema kitu, kuna siku alikuja mlangoni kwao baada ya mvua, mama akiwa anafua, akasema nilisahau, mama Bun-im, mimi nilikuwa nashika mihuri, nilisahau tu, na mama akaendelea kufua, akaupiga mti wa kufulia juu ya nguo kwa nguvu mpaka maji yakamrukia usoni, naye akaondoka, na miaka sitini na tano Bun-im aliichukulia hiyo kuwa uongo wa kitoto kuliko wote aliowahi kusikia.

"Si kitu, weka wako hapa chini, nafasi ipo," anasema Ham, anamsogezea kibati cha wino, na Bun-im anatia mkono mkobani, anakipata kikoba cha miwani, anaupata muhuri, mdogo, baridi, na mkono hautoki. Mama alikataza, hiyo ya kwanza. Ya pili, yeye ni mwenyekiti, watu wakipata tabu nani atawatetea kama naye yumo humo. Ya tatu, jina lake si liko juu pale, kwa nini liwe mara mbili, hata kanuni zenyewe hazisemi... sababu tatu, zimekuja zenyewe, zimevaa nguo safi, na hakuzitafuta. Alipowagongea wale thelathini na mmoja haikumjia hata moja. Ham anamwona kakawia, anamwonea huruma, mtoto mwema, labda ni mwema kweli, labda ni ya bima kweli na hakuna zaidi. "Au acha tu, bibi. Mwombaji si lazima awemo. Niipige muhuri wa ofisi hivi hivi?"

Na Bun-im anasikia mwili wake wote ukilegea kwa raha, magoti, mabega, mpaka vidole vilivyoshika muhuri mle ndani, raha ya mtu aliyeambiwa lori limempita, na ndani ya raha hiyo anaona aibu isiyo na mfano, kwa sababu hakuna aliyemlazimisha aione, anaiona mwenyewe, na anamwona Gu barazani kwake masika yale, na yule kijana mwenye chunusi akimwambia, mkuu wa kijiji si lazima awemo. Hakuwa amesahau Gu. Au alisahau, kisha akakumbushwa, kwa upole, na maji ya kunywa. Kusahau na kujua vinaingia ndani ya mtu mmoja, angeambiwa jana angebisha, leo hawezi kubisha. Ham ameshaushika muhuri wa ofisi, anamngoja. "Bibi?" Mkono wa Bun-im ungali mkobani, na hajui bado utatoka na nini.