Futi ya Kocha

Fundi cherehani alijua mambo mawili tu duniani: kushona suruali na, kwenye soka, kukabia juu. La kwanza alifundishwa na marehemu baba yake. La pili alijifundisha mwenyewe kwenye meza ya kukatia vitambaa, kwa vifungo kumi na kimoja vya koti, na labda ndiyo sababu aliliamini zaidi.

Kwenye vifungo, kila kimoja kikiwa mchezaji, mambo yalikuwa mteremko. Beki wa wapinzani akipokea mpira, seremala, ambaye ndiye straika, amvamie. Mawinga wazibe pasi za pembeni, viungo wapande nyuma yao, mabeki wasogee hadi mstari wa kati, na kipa atoke langoni awe beki wa ziada. Sharti ni waende wote kwa pamoja. Kwa misimu miwili aliyoifundisha timu ya mtaa, hawakwenda pamoja hata siku moja. Seremala alikuwa akivamia peke yake, akigeuka anawakuta wenzake wanafunga kamba za viatu.

Shemeji yake muuza nyama alikuwa akisema mpira ni kuupiga mbele na kuufuata, basi. Kikao cha timu kikaamua kwamba mechi ya mwisho wakifungwa, timu anaichukua shemeji. Fundi alikubali mbele ya mkewe na mtaa mzima, kwa kuwa mdomo wake haukuwahi kumsaidia. Moyoni aliogopa. Bila timu angebaki mtu wa suruali tu.

Akabuni ishara. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, haifiki popote, lakini futi ya kupimia ilikuwa shingoni mwake kutwa.

"Nikiivua, nyote mnapanda," aliwaambia mazoezini. "Msiulize."

Siku ya mechi, zikiwa zimebaki dakika tano, matokeo yalikuwa bao moja kwa moja, na sare iliwatosha. Fundi aliamua futi ikae hapo hapo ilipo, timu irudi nyuma ilinde. Alijipongeza kwa busara hiyo, na angeendelea kujipongeza kama mwalimu wa shule ya msingi asingemshika bega.

Mwalimu alikuwa mteja wake. Alikikuta kibanda kimefungwa, akamfuata mpaka uwanjani na gauni lake kwenye mfuko. Alisema harusi ya mdogo wake ni kesho na gauni linabana mabegani. Fundi akamwomba dakika tano.

"Hizo dakika tano ulinipa mwezi uliopita," mwalimu akasema.

Ilikuwa kweli tupu. Kwa aibu, na kwa kuwa mazoea yana taabu, mkono wake ukaenda shingoni wenyewe. Alikuwa ameshalipima bega moja, inchi kumi na sita na nusu kwa makadirio ya mgongo mzima, aliposikia watu wanapiga kelele. Akageuka.

Walikuwa wanapanda wote. Seremala mbele, mawinga wakifunga pembeni, viungo nyuma yao, mabeki wamenyooka kama pindo la suruali, na kipa yuko karibu na mstari wa kati. Hakuna aliyechelewa hata hatua moja. Fundi alisahau sare, akamsahau shemeji, machozi yakamlengalenga kwa furaha.

Beki wa wapinzani, kwa kukosa wa kumpa, alifumba macho akaubutua. Mpira ukapita juu ya vichwa vyote, ukadunda mara mbili, ukaingia polepole kwenye goli lisilo na mtu.

Filimbi ya mwisho ilipolia, seremala alimjia akihema.

"Kocha, ulivua futi. Tukaenda wote."

"Niliwaona," fundi akasema. "Mlikwenda vizuri sana."

Shemeji alikuja taratibu, hakucheka, na hilo ndilo lililouma zaidi. Fundi alitoa mfukoni vile vifungo kumi na kimoja, akammiminia kiganjani. Shemeji akavitazama, akauliza kipa ni kipi.

"Hicho kikubwa," fundi akasema. "Mwambie asitoke langoni."

Kisha akamrudia mwalimu, aliyekuwa bado amesimama na mkono ameunyoosha. Kabla ya kuigusa futi, aliyokuwa ameirudisha shingoni, aliangalia kwanza uwanjani kama kuna mtu anamtazama. Hakuna aliyekuwa akimtazama.