Kina cha Boya

Kwa miaka ishirini, kila baridi ilipoingia, Wendell alivua trauti, samaki wanaopanda mtoni kutoka baharini, pamoja na rafiki yake Orrin, na Orrin ndiye aliyekuwa akiwapata. Asubuhi moja ufito wa kuvulia wa Wendell ulivunjika, akaazima wa mwenzake. Aliporusha mshipi, boya lake halikwenda mbali, likazama. Alipomvuta samaki ukingoni, aliona ndoana ya manyoya imefungwa futi saba chini ya boya.

"Siku zote unaniambia futi nne," alisema.

Orrin alikuwa akijimiminia kahawa. "Kwani ulikatazwa kujaribu mwenyewe?"

"Nilikuamini."

"Sasa hilo nalo kosa langu, ndugu yangu?"

Wendell alimwachia samaki majini, akarudisha ufito, akaondoka. Siku hizi anavua peke yake. Samaki anawapata, ila hana wa kumwita aje aone.