Cherehani Iliyokwenda kwa Fundi

Wakala wa bima alisogeza fomu mbele ya dobi mzee, lakini mke wa mwanawe akaifunika kwa kiganja.

"Mama, usijitabirie kifo. Siku ikifika, tutajua la kufanya."

"Mlijua alipokufa baba mkwe wako. Cherehani yako iko wapi?"

"Si nilikwambia iko kwa fundi?"

"Miaka mitatu, mwanangu? Fundi gani huyo, au naye tumemzika?"

Wakala aliinama, akajifanya anatafuta kalamu. Siku zote mkwe alidhani anajua peke yake jeneza la baba mkwe lilinunuliwa kwa pesa zilizotoka wapi.

"Niandikie hii ndogo, ya mazishi tu," dobi alimwambia wakala. "Safari hii mkwe wangu asiuze kitu."

Mkwe aliondoa kiganja taratibu, akaishika karatasi pembeni isiteleze mama akitia sahihi.